Kamera Ndogo Juu ya Shamba

Ndugu mkulima, bila shaka umekwisha kuiona ndege ndogo isiyo na rubani, ile watu waiitayo droni. Wengine wameiona harusini, wengine kwenye mikutano ya siasa, na wengine wameiona ikinyunyiza dawa mashambani. Na vijana wengi siku hizi wana ile kamera ndogo ngumu ambayo waendesha pikipiki huifunga juu ya helmeti. Mtu akiwa na vitu hivi viwili humjia wazo upesi: kwa nini nisiifunge kamera hii chini ya droni, kisha nikakaa ukingoni mwa shamba na kuitazama mimea yangu yote katika kioo, wakati ule ule droni inaporuka?

Wazo hili ni jema, na jambo lenyewe lawezekana. Lakini lina mtego ndani yake, na mtego huo hauonekani mpaka siku droni inapogonga mti. Katika somo hili tutaeleza jinsi picha itokavyo kwenye kamera mpaka ikafika kwenye kioo, kwa nini huchelewa njiani, mambo gani huikata, na faida gani ya kweli mkulima aweza kuipata. Lisomeni pamoja katika chama chenu cha ushirika kabla hamjatoa pesa, maana mali ya wanachama wengi yaweza kuanguka chini kwa sekunde moja ikawa vipande vipande.

FAIDA YAKE

Tuanze na faida, kwa sababu kama faida hakuna, hapana haja ya kujifunza mengine.

Mkulima wa mpunga wa Mwea akitembea juu ya kingo za majaruba yake huona vizuri mimea iliyo karibu na miguu yake. Ya katikati haioni sawasawa. Mkulima wa mahindi wa Trans Nzoia ana taabu kubwa zaidi: mahindi yakifika mabegani, haoni mbele ya mistari mitatu. Kipande cha robo ekari katikati ya shamba chaweza kugeuka njano, kikakauka, na mwenyewe asijue mpaka siku ya kuvuna. Kutoka juu, kipande hicho huonekana mara moja. Huonekana pia mahali maji yanaposimama baada ya mvua, mahali mbegu hazikuota, na mahali mfereji umepasuka ukapeleka maji kwa jirani.

Sasa angalia tofauti iliyopo kati ya picha iliyorekodiwa na picha ya papo hapo. Ukirekodi tu, utaishusha droni, utakwenda nyumbani, utaitazama picha, na humo utaona doa la njano. Vizuri. Lakini doa hilo li wapi? Mistari ya mahindi yote hufanana. Utaingia shambani na kuzunguka saa nzima, na pengine usilipate. Lakini kama picha inafika kwenye kioo papo hapo, waweza kuisimamisha droni hewani juu ya lile doa, ukamtuma mwenzako aingie shambani, na mtu aliye kwenye kioo akamwongoza kwa simu: nenda kushoto, hatua kumi mbele, simama hapo hapo. Yule mtu aking'oa mche mmoja, akatazama mizizi, akapasua shina, na kusimamisha kijiti mahali pale, umepata faida yako. Picha ya papo hapo kazi yake kwa mkulima ni kuongoza miguu ya mtu mpaka mahali penye shida. Ukilishika jambo hili, mengine yote katika somo hili yatakuwa rahisi, kwa kuwa utajua kwamba huhitaji kuruka mbali wala kwa kasi.

Usiitarajie kamera ifanye kazi ya macho ya karibu. Rangi ya njano haisemi sababu yake. Yaweza kuwa upungufu wa naitrojeni, au maji yaliyotuama, au ugonjwa wa mizizi. Yule kiwavijeshi vamizi aliyeingia Kenya mwaka 2017 hujificha ndani ya moyo wa mhindi; kamera iliyo mita 30 juu haimwoni kamwe. Na ule ugonjwa wa mahindi ulioonekana mara ya kwanza Bomet mwaka 2011, uuao mmea mzima, huanza kwa michirizi midogo ya njano katika majani. Kamera ikiweza kuona doa la ugonjwa huo kutoka juu, umekwisha kuharibu mengi. Kwa hiyo usiache kutembea shambani kwako kwa sababu umenunua droni.

KAMERA HAIKUTENGENEZWA KWA KURUKA

Yafaa ujue kamera hizi zilikotoka, kwa sababu asili yake yaeleza matatizo yake. Inayojulikana zaidi ni GoPro. Aliyeianzisha ni Mmarekani aitwaye Nick Woodman, mtu aliyependa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari, naye alitaka kujipiga picha akiwa juu ya ubao wake majini. Kamera yake ya kwanza, ya mwaka 2004, ilitumia filamu ya kawaida. Baadaye ndipo zikaja za video. Zote zilitengenezwa ili mtu azifunge mahali, arekodi, kisha atazame nyumbani. Hapana aliyefikiri kwamba mtu ataendesha chombo kwa kuitazama picha yake.

Mwanzoni mwa mwaka 2013 kampuni ya DJI ya Shenzhen, Uchina, ilianza kuuza droni iitwayo Phantom. Haikuwa na kamera yake yenyewe, bali ilikuwa na mahali pa kufungia GoPro. Watu wakaifunga, wakarusha, wakarekodi. Lakini mtu aliye chini hakuona chochote mpaka droni iteremke. Ndipo mafundi wakatazama ubavuni mwa kamera, wakaona tundu ambalo huweza kutoa picha kwenda kwenye televisheni, na wakaunganisha mtambo wa redio hapo. Siku hizi droni nyingi huja na kamera yake na mtambo wake tayari. Kama chama chenu hakina fundi, twawashauri mnunue ya namna hiyo, au mkodi mtu mwenye leseni. Lakini droni za zamani na kamera ndogo za mkono wa pili ziko nyingi sokoni, na vijana watazijaribu hata tukiwakataza. Basi afadhali wazijue vizuri.

PICHA YASAFIRI VIPI

Vitu ni vitano: kamera, waya, mtambo wa kurusha picha, mtambo wa kupokea, na kioo. Kamera huona. Waya hubeba picha mpaka kwenye mtambo wa kurusha, ambao ni kitu kidogo kama kisanduku cha kiberiti, nao huitupa hewani kwa redio. Mtambo wa kupokea ulio chini huishika, na kioo huionyesha. Watu wengine hutumia miwani badala ya kioo. Miwani ni mizuri jua likiwa kali, lakini aliyeivaa haoni kitu kingine chochote, kwa hiyo mrushaji aliye peke yake asiivae.

Mahali pa kwanza watu wanapopoteza pesa ni lile tundu la kamera. GoPro za HERO3 na HERO4 zina tundu dogo la USB la namna ya zamani, na kwa waya wake maalumu hutoa picha ya namna ya televisheni za zamani, ambayo mitambo ya bei nafuu huweza kuirusha. HERO5, ya mwaka 2016, ilibadilishiwa tundu la USB, na kando yake kuna tundu la HDMI. HERO8, ya mwaka 2019, haina tundu la HDMI mwilini mwake; sharti ununue kipande kingine cha kuongezea. Picha ya HDMI ni safi zaidi, lakini mtambo wa bei nafuu hauipokei mpaka uweke kigeuzi katikati, nacho huongeza uzito, hula betri na huichelewesha picha. Basi ukienda kununua kamera ya mkono wa pili, beba waya wako. Mwambie muuzaji akuonyeshe picha ikitoka kwenye kamera na kuingia kwenye televisheni, hali kamera inarekodi. Asipoweza, irudishe mezani, hata kama bei ni ya kuvutia.

Kadhalika angalia kwamba kamera na kioo vimewekwa katika mpango mmoja. Kamera hizi zina mipango miwili, PAL na NTSC. Kamera ikiwa katika mmoja na kioo katika mwingine, picha yaweza kuruka-ruka, kukosa rangi au kutoonekana kabisa, na mtu akadhani kitu kimeharibika.

Juu ya mtambo wa kurusha kuna sharti moja ambalo halina msamaha: usiuwashe kamwe bila antena yake. Nguvu isiyopata njia ya kutoka hurudi ndani na kuuchoma mtambo, pengine kwa dakika chache tu. Fungeni antena kwanza, ndipo mlete betri.

Mitambo mingi ya namna hii hutumia mawimbi ya gigahezi 5.8. Mawimbi haya husafiri kwa mstari ulionyooka kama mwanga wa tochi, na maji huyameza. Majani mabichi yana maji, na mwili wa mtu pia una maji. Kwa hiyo ukisimama nyuma ya ua wa miti, au mtu mnene akisimama mbele ya antena yako, picha itaharibika. Simama mahali palipoinuka, uso wako ukielekea shamba. Kama antena zenu ni za fimbo, zote mbili zisimame wima. Moja ikilala na nyingine ikisimama, nguvu nyingi itapotea. Wala usidanganyike kwamba mtambo wenye nguvu mara mbili utafika mbali mara mbili. Ili ufike mara mbili ya umbali, nguvu sharti iwe mara nne. Antena nzuri na mahali pazuri pa kusimama vyashinda nguvu nyingi, na nguvu ikizidi kiasi yaweza kuwa kosa la sheria.

KUCHELEWA KWA PICHA

Hapa ndipo ulipo ule mtego tulioutaja.

Picha unayoiona katika kioo si ya sasa. Kamera ndogo huipokea picha, huipanga, huiandika katika memori kadi, na ndipo huitoa kwenye waya. Kazi hii huchukua kitambo. Kwa mtu anayetazama mahindi, kitambo hicho si kitu. Kwa mtu anayeendesha droni, ni kitu kikubwa. Hebu tufanye hesabu. Droni ikienda kilomita 36 kwa saa, inakwenda mita 10 kila sekunde. Picha ikichelewa nusu sekunde, droni imekwisha kupita mita 5 mbele ya mahali unapopaona. Utaona mti uko mita 5 mbele, na kumbe droni i tayari ndani ya matawi yake. Ongeza na muda wa kidole chako kusukuma rimoti, nao si mdogo.

Usikubali maneno ya muuzaji juu ya jambo hili, kwa sababu waweza kulipima mwenyewe bila gharama. Ondoa propela zote katika droni. Chukua simu yenye saa ya kuhesabu sekunde na sehemu zake, uiwashe, na uielekeze kamera kwenye saa hiyo. Weka kioo chako kando ya simu ile, ili saa yenyewe na picha ya saa zionekane pamoja. Kisha kwa simu ya pili piga picha moja ya vyote viwili. Utaona namba mbili zilizotofautiana. Tofauti hiyo ndiyo kuchelewa kwa picha yako. Rudia mara tano, halafu rudia tena kamera ikiwa inarekodi, maana kamera nyingine huchelewa zaidi zikirekodi. Andika namba hizo katika daftari la chama.

Ikiwa tofauti inazidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, usiongoze droni kwa picha hiyo hata kidogo. Itumie kutazama tu. Na hata ikiwa chini ya hapo, shauri letu ni lile lile: watu wawe wawili. Mmoja anashika rimoti na macho yake hayatoki kwenye droni yenyewe, kule juu hewani. Wa pili anatazama kioo na kumwambia: mbele kidogo, simama, rudi. Wa tatu ni yule aliye shambani na simu. Mtu mmoja kufanya kazi za watu watatu ndiyo njia ya kuvunja droni.

Mafundi wanaorusha droni za mashindano walikwisha kuona jambo hili zamani. Wao hufunga kamera mbili. Moja ni kamera ndogo sana ya bei rahisi, yenye uzito wa gramu chache, ambayo picha yake huchelewa sehemu ndogo tu ya sekunde. Hiyo ndiyo ya kuongozea. Ile kamera nzuri hurekodi tu, wala haiunganishwi na kitu. Ikizimika hapana hasara ila kukosa rekodi. Kama fundi wenu ana uwezo, mfuateni huyu wala si yule asemaye kamera moja yatosha.

Kuna wengine husema: Kwa nini taabu yote hii ya waya na mitambo? Kamera ina Wi-Fi yake, nami nina simu. Nitatazama katika simu. Usifanye hivyo. Kwanza, picha hiyo huchelewa sana, mara nyingi kwa sekunde nzima au zaidi, na droni ikiwa mbali kidogo nawe hukatika. Pili, na hili ndilo baya, Wi-Fi ya kamera nyingi hutumia mawimbi ya gigahezi 2.4, na rimoti nyingi za droni hutumia mawimbi hayo hayo. Kamera iko karibu kabisa na kipokezi cha droni, nawe uko mbali. Ni kama mtu anayepiga kelele sikioni mwa ng'ombe wakati wewe unamwita kutoka ng'ambo ya mto. Droni yaweza kukosa kukusikia. Basi zima Wi-Fi ya kamera kila mara kabla ya kuruka, hata kama huna nia ya kuitumia.

MAMBO YANAYOIKATA PICHA

Kamera hizi hujali betri yake. Nyingi zina mpango wa kujizima zenyewe baada ya dakika chache zisipoguswa. Uondoe mpango huo kabla ya kitu kingine. Kamera iliyojizima hewani haiwezi kuwashwa na mtu aliye chini.

Betri ya kamera ikiisha, picha huisha nayo, hata kama droni ina nguvu tele. Memori kadi ikijaa au ikiwa mbovu, kamera nyingine huganda. Na kuganda ni kubaya kuliko kuzimika, maana kioo huendelea kuonyesha picha nzuri iliyosimama, nawe unadhani droni imetulia hali inachukuliwa na upepo. Mtazamaji wa kioo awe na desturi ya kutafuta kitu kinachotikisika, kama majani au nguo kwenye kamba. Asipoona kitu chochote kikitikisika aseme mara moja.

Kioo nacho kina hila yake. Vioo vingi vya bei rahisi, picha ikidhoofika, hugeuka rangi ya buluu yote. Hiki si kioo cha kazi hii. Kioo kizuri huonyesha zile chengachenga za televisheni ya zamani, na katikati ya chengachenga hizo bado utaona kivuli cha shamba. Chengachenga zikianza, umepewa onyo: rudisha droni karibu. Kioo cha buluu hakikupi onyo, hukunyima vyote kwa mara moja.

KUIFUNGA KAMERA

HERO3 ina uzito unaozidi kidogo gramu 70. Nyingi za miaka ya karibuni, tangu HERO9, zapita gramu 150. Droni iliyobeba vizuri ile ya zamani yaweza kushindwa na mpya, au muda wake wa kuruka ukapungua. Na mkulima wa Kinangop asifuate hesabu za mkulima wa Ahero. Kinangop iko kiasi cha mita 2,500 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya tano kuliko pwani. Propela zikizunguka katika hewa nyepesi hupata mshiko mdogo, hivyo mota hufanya kazi zaidi na betri huisha mapema. Pima muda wako mwenyewe, kwenu, na kamera ikiwa imefungwa.

Ifunge kamera katikati, ili droni isiegemee upande. Weka vipande vya mpira laini kati ya kamera na droni. Bila mpira, mtetemo wa propela huifanya picha itikisike kama uji mzito katika sufuria, hata mstari wa mahindi ulionyooka uonekane umepinda. Propela iliyokatika ncha huleta mtetemo huo huo, itupe. Mwisho, funga kamba nyembamba yenye nguvu kutoka kwenye kamera hadi kwenye mwili wa droni, ili kifungo kikilegea kamera isimwangukie mtu kichwani. Kamba hiyo isifike kwenye propela.

SHERIA

Kanuni zinazotawala droni katika Kenya ni zile za mwaka 2020, zilizo chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kanuni za kwanza za mwaka 2017 zilifutwa na Bunge, kwa hiyo usifuate karatasi za zamani. Kuingiza droni nchini kwahitaji kibali, na droni yenyewe sharti iandikishwe na Mamlaka hiyo. Kabla ya kurusha kwa kazi ya chama, waulizeni ni kibali gani kinachohitajiwa kwa kazi yenu. Droni isipite futi 400 kutoka ardhini, yaani kiasi cha mita 120, wala isiende mahali usipoweza kuiona kwa macho. Utaona kwamba sheria na hesabu yetu ya kuchelewa kwa picha vyasema neno moja. Usiruke karibu na uwanja wa ndege. Karibu na mbuga za wanyama, kama vile Aberdare kwa watu wa Kinangop, haifai kuingiza droni bila ruhusa ya wenyewe. Na siku ambayo ndege za serikali zinakuja kunyunyizia kweleakwelea katika mpunga, droni zote zikae chini, maana ndege hizo huruka chini sana na zina mtu ndani yake.

Kuhusu mitambo ya redio, waulizeni Mamlaka ya Mawasiliano kama mtambo mnaotaka kununua unaruhusiwa.

Kisha kuna jirani. Kamera hii huona mbali kwa upana, nayo itaona ua wa jirani, bafu lake, na watoto wake. Tangu mwaka 2019 tuna sheria ya kulinda habari za watu, lakini hata kabla ya sheria, adabu yatosha: mpelekee jirani habari siku moja mbele, mwonyeshe kioo, na rekodi ya ua wake uifute. Ukifanya hivyo pengine atakuomba ulitazame na shamba lake.

SIKU YA KWANZA SHAMBANI

Chagueni asubuhi isiyo na upepo. Chukueni magunia manne meupe. Pimeni ekari moja ya mraba, ambayo kila upande wake ni karibu mita 64, na mtandaze gunia moja kila pembe, mkiweka mawe juu yake. Mwiteni kila mtu arudi nyuma, na watoto wakae na mtu mzima mmoja. Kisha droni ipande polepole juu ya katikati ya ekari, na mtazamaji wa kioo aseme wakati magunia yote manne yanapoonekana. Andikeni urefu huo. Sasa mnajua kimo cha kutazama ekari moja kwa kamera yenu, na kwa shamba la ekari nne, kama zile walizopewa wapangaji wa Mwea hapo mwanzo, mtakwenda vipande vinne kwa utaratibu, wala si kuzurura huku na huku mpaka betri iishe. Kamera hizi hupindisha kingo za picha, kwa hiyo lililo ukingoni msilihukumu. Lileteni katikati kwanza.

Baada ya hapo jaribuni lile jambo lenyewe. Mtu mmoja afiche kikapu katikati ya mahindi bila wengine kujua mahali. Droni ikitafute, na mtazamaji amwongoze mwenzake mpaka akiguse kwa mkono. Mkiweza kufanya hivyo kwa dakika tano, mko tayari kutafuta ugonjwa. Mkishindwa, rudieni kesho.

Betri za droni zahitaji uangalifu kama petroli. Kila seli ikijaa huwa na volti 4.2, na ikishuka karibu na 3.5 ni wakati wa kutua, si wakati wa kutazama jaruba moja zaidi. Zisiwekwe zimejaa kwa wiki nzima bila kazi. Zishusheni mpaka volti 3.8 kwa kila seli. Betri iliyovimba au kutobolewa yaweza kuwaka moto wenyewe usiozimika kwa urahisi. Zichajini juu ya sakafu ya saruji au ndani ya sufuria ya zamani, mtu akiwapo, wala si ndani ya ghala la mahindi wala chini ya kitanda. Na baada ya kila safari, kabla kamera haijarudishwa mfukoni, toeni memori kadi na mwandike katika daftari tarehe, namba ya shamba, kimo, na jambo alilolikuta yule mtu aliyeingia shambani kwa miguu. Bwana Shamba akija atauliza daftari hilo kwanza, na picha baadaye.